Karatasi ya Februari

Mjimwema, Njombe
Jumapili, 11 Agosti 2024

Dada Tabea, kamwene.

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni: vile viatu vinavyolia nilivyomnunulia mwanao Elius mnadani Makambako, mwaka ule niliokuja kwenu likizo. Kwi, kwi, kwi, kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele. Shemeji Obed alisema atavitumbukiza chooni kwa sababu havimpi nafasi ya kulala mchana. Kisha nikaja tena baada ya miezi minne, nikiwa sebuleni nikasikia kwi moja, halafu kimya, halafu kwi. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzwa. Nadhani mimi ndiye niliyesikia wa kwanza, na sikusema. Nilijiambia kiatu kimeharibika.

Sijui kwa nini naanza na hili. Labda kwa sababu sijaja kwenu tangu mwezi wa kwanza, na kila nikitafuta sababu ya kukueleza naona zote ni nyepesi. Kazi ya maabara ni nyingi, kweli, lakini kutoka Njombe mpaka Makambako si safari ya kumshinda mtu.

Najua utacheka kuona barua, zama hizi. Lakini nikikupigia simu, mama mkwe wako anataka iwekwe spika, na mimi siwezi kusema la maana huku nikisikia anakohoa pembeni. Rabson dereva amesema kila akija huku kupakia mbao za Obed atapita kwangu, na atakukabidhi mkononi.

Elius anakula? Bado anapaliwa na uji?

Uliniuliza majibu ya damu yetu yamefikia wapi, ile tuliyotoa wote mwaka jana kwa ajili ya utafiti. Mambo haya huchukua muda, dada. Sampuli zinasafiri nje ya nchi. Vuta subira kidogo.

Silvanus anasema matangazo ya ndoa yataanza mwishoni mwa Septemba, kwenu na huku, Jumapili tatu kama kawaida. Wakati mwingine siamini kwamba nitaolewa na mdogo wa shemeji yangu, na kwamba mama mkwe wako atakuwa wangu pia. Nitajifunza kukohoa.

Mdogo wako,
Lidia


Kitandililo, Makambako
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Lidia,

Rabson amefika na barua yako ina vumbi la mbao na alama ya kidole chenye grisi. Nikamuuliza, "Wewe ni posta au gereji?" Akasema, "Mama Elius, shukuru, ya mtu mwingine niliifungia karanga." Nimeisoma nikiwa nyuma ya nyumba, nimekaa kwenye gunia la viazi, Elius mapajani.

Anakula, ila kwa kijiko kidogo, na lazima nimwinue kichwa. Macho yanachezacheza kama zamani. Shingo imelegea zaidi. Lakini Obed akiwa anaunga kenchi za paa hapo uani, Elius akisikia nyundo anatabasamu, na Obed anapiga misumari mingine isiyo na kazi ili tu amwone. Paa la mteja wetu wa sasa litakuwa na misumari mingi kuliko bati.

Sasa nikuambie la kwetu, kwa sababu na mimi nilikuficha.

Unakumbuka mwezi wa tano, posa yenu ilivyokwama? Mlidhani ni mshenga kuugua. Si mshenga. Mama mkwe alisema hawezi kuchukua binti wa pili kutoka nyumba iliyomharibia mjukuu. Maneno yale yale, kwamba nilitoka nje nikiwa nanyonyesha, nikambemenda mtoto, ndiyo maana alitembea kisha akaacha. Akasema, "Kama mkubwa hakiri, mdogo atakuja kufanya hayo hayo." Silvanus alikuwa analia kama mtoto, ananiambia, "Shemeji, mama hatabadilika." Obed akarudi uani kwenye kazi yake. Unamjua Obed, maneno yake yote yako kwenye nyundo.

Basi nikakiri. Waliitwa wazee wawili wa ukoo, nikapiga magoti sebuleni, nikasema nilikosa. Wakaniuliza na nani. Nikasema ni mtu wa kupita, mnunuzi wa parachichi, simjui alikokwenda. Wakanisemea maneno, wakaniombea, wakachinja mbuzi, yakaisha. Wiki iliyofuata posa yako ikapokelewa.

Usikasirike. Nilipima nikaona: kwangu mimi neno hilo lilikuwa limeshasemwa sokoni, kisimani na kwenye kwaya nzima. Kukiri hakukuniongezea kitu. Wewe ungeolewa, mtu uliyempenda. Na nilikuwa na uhakika majibu ya damu yatakuja siku moja yaseme chochote kile, niwaonyeshe.

Jambo la pili ni la furaha, ingawa naogopa kulifurahia. Nina mimba ya miezi mitano. Nilikuwa nayo changa siku ile ya kupiga magoti, na sikumwambia mtu. Sasa inaonekana. Mama mkwe anahesabu miezi kwa vidole halafu anamtazama Obed. Obed alimwambia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Mama, hesabu viazi, huyu ni wangu." Nilitaka kupiga vigelegele.

Mtoto anapiga teke mchana, nikiwa napika.

Nisalimie wa huko. Usiache kula kwa ajili ya gauni.

Dada yako,
Tabea


Mjimwema, Njombe
1 Septemba 2024

Dada Tabea,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa sakafuni.

Majibu yalitoka. Yalitoka tarehe 19 Februari, na niliyapokea mimi kwa mkono wangu. Daktari wa utafiti alitaka kuwaita wewe na Obed awaeleze mwenyewe. Nikamwambia, "Niachie mimi, ni dada yangu." Akaniamini. Karatasi iko kwenye sanduku langu, chini ya vitenge vya harusi. Nilipokuandikia kwamba sampuli bado zinasafiri, sanduku lilikuwa mbele ya miguu yangu.

Ngoja nikueleze leo yale ambayo ningekueleza siku ile.

Mwili ni seli, na kila seli imezungukwa na utando uliotengenezwa kwa mafuta. Mafuta hayo huchakaa. Muulize Obed: mbao ya paa ikioza huwezi kupigilia nyingine juu yake, lazima kwanza mtu apande aing'oe ile mbovu. Ndani ya mwili kazi ya kuyavunja mafuta yaliyochakaa inafanywa na kimeng'enya fulani, na maelekezo ya kukitengeneza yako kwenye jeni inayoitwa PLA2G6. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama, moja ya baba. Za Elius zote mbili zina kosa, kosa moja lile lile. Kwake hakuna anayepanda kung'oa. Mbovu zinabaki, na mishipa ya fahamu ndiyo inayoumia kwanza. Ndiyo maana alijifunza kutembea, na ndiyo maana akaacha.

Wewe una nakala moja yenye kosa na moja nzima. Obed vivyo hivyo. Nzima moja inatosha, kwa hiyo hamuumwi wala hamkujua. Koo zetu zimepeana mabinti tangu kwa bibi zetu, na harusini tunaimba kwa kujisifia. Inaelekea kosa hili lilianza kwa mtu mmoja wa zamani, likashuka kwenu na kwao, mkakutana nalo ninyi wawili.

Hakuna mwanamume mwingine kwenye karatasi ile, dada. Hakuna mnunuzi wa parachichi. Elius hakubemendwa. Alizaliwa nalo. Ungeshinda kanisani usiku na mchana akinyonya, angeugua vile vile.

Hili ndilo nililolifungia sandukuni.

Utataka kujua kwa nini. Damu yangu nayo ilipimwa. Nami ninayo nakala moja yenye kosa. Silvanus ni mtoto wa baba na mama mmoja na Obed. Ni kama kurusha shilingi, anayo au hana. Niliisoma karatasi mara moja, na kabla sijakufikiria wewe, kabla sijamfikiria Elius, nilifikiri: wakijua, hawatanichukua. Watasema wale mabinti wana damu mbaya. Nikajiambia nitasema baada ya posa. Posa ikapita, nikajiambia baada ya harusi. Nilijua wanakusema vibaya. Nilijua, ila nilijiambia ni maneno tu, yamekuwepo miaka mitatu, miezi michache zaidi haitakuua. Nami niliyesoma, niliyeapa kutosema uongo juu ya kipimo cha mtu yeyote.

Sikujua kwamba ulipiga magoti. Lakini hilo sikulijua kwa sababu sikuja, na sikuja kwa sababu ningelazimika kukutazama usoni.

Sasa la mimba. Sina namna ya kuliandika liwe jepesi. Ninyi wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa kama ya Elius. Tatu kati ya nne ni kwamba mtoto hatakuwa na ugonjwa huu. Hakuna dawa ya kuuzuia. Ningesema Februari, wewe na Obed mngechagua mkijua. Labda mngechagua hivi hivi. Lakini mngechagua ninyi.

Siombi unisamehe. Nataka uniambie nifanye nini.

Lidia


Kitandililo
15 Septemba 2024

Lidia,

Ni wiki mbili. Nilitaka hasira ipungue kwanza, haijapungua, kwa hiyo naandika nayo.

Februari. Mimi nilipiga magoti Mei. Kama ungenitumia hata maneno matatu kwa Rabson, "dada usiseme chochote", ningesubiri. Niliwaambia wazee juu ya mwanamume ambaye hayupo. Nilimvalisha koti. Waliniuliza alikuwa amevaa nini, nikasema koti la kaki. Obed alikuwa amekaa pale anasikiliza rangi ya koti. Alinifuata jikoni akaniambia, "Najua huyo mtu hayupo." Nikamwambia nyamaza, ni kwa ajili ya mdogo wangu.

Na mdogo wangu alikuwa na karatasi chini ya vitenge.

Obed nimemwambia. Nilimsomea ile sehemu ya mbao na paa. Alikwenda uani akakaa na Elius mpaka chakula kikapoa. Aliporudi aliniuliza swali moja, "Kwa hiyo nusu ni yangu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Afadhali." Sijui alimaanisha nini, sikumuuliza.

Huyu wa tumboni bado anapiga teke. Zamani nilikuwa nacheka. Sasa kila akipiga najiuliza, wewe ni yupi katika wale wanne? Hilo umenipa wewe, ingawa najua kosa si lako na jeni si yako peke yako. Umenipa kwa kuchelewa, ndilo ninalosema.

Umeuliza ufanye nini. Nyamaza. Harusi yako nimeshailipia kwa jina langu, usinimwagie. Ukisema sasa, mama mkwe atajua niliwadanganya wazee nikiwa nimepiga magoti, mbuzi akachinjwa kwa uongo. Nitabaki mzinzi yule yule, na juu yake mwongo. Olewa. Mpime Silvanus kimya kimya. Ukiingia humu ndani tutajua la kufanya.

Na usiniandikie mpaka siku hiyo. Nikiona mwandiko wako uji unamwagika kijikoni, na ndicho kijiko ninachomlishia mtoto.

Tabea


Mjimwema, Njombe
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Dada Tabea,

Ulinikataza kuandika, na nilikutii wiki nne. Leo naandika kwa sababu utasikia kwa mama mkwe wako, Mama Obed, jioni atakaporudi, na nataka usikie na kwangu. Ofisi zimefungwa kwa ajili ya sikukuu, lakini Rabson ana mzigo, amesema atatangulia.

Nilimwambia Silvanus kwanza. Nilishuka Makambako Jumamosi ya matangazo ya pili, tukakaa kwenye hoteli pale karibu na reli. Ulikuwa karibu na sikuja kwako. Ulikuwa umenikataza, na mimi ni mwoga. Nilimwekea karatasi mezani. Aliisoma, akaikunja, akaagiza soda nyingine. Akasema, "Sawa. Tutapima. Baada ya harusi." Nikamwambia, "Na Tabea?" Akasema, "Tabea ameshazoea, Lidia. Mama yangu ni mtu mzima, ana presha. Unataka nini, kumuua?"

Ameshazoea. Dada, nilimchukia kwa neno hilo kwa dakika nzima, nikiwa nimekaa pale na soda. Halafu nikatambua kwamba ni neno langu. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwenye barua yako, miezi michache zaidi haitakuua. Yeye amelisema tu kwa sauti.

Jana yalikuwa matangazo ya tatu. Unajua desturi, upande wa mwanamume wanakuja kusikiliza ya mwisho kanisani kwa binti. Walikuja sita na kigari cha kukodi, Mama Obed akiwa na kitenge kile cha bluu. Silvanus akanikonyeza. Mchungaji akasoma, Silvanus wa Kitandililo na Lidia wa Mjimwema wanatarajia kufunga ndoa tarehe 26 Oktoba, mwenye pingamizi aseme sasa.

Nikasimama.

Watu walidhani nimesimama nionekane. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Mzee mmoja nyuma akasema, "Bibi harusi ana haraka huyu!" Kanisa zima likacheka, na mchungaji naye akacheka, akasema, "Kaa mwanangu, siku yako inakuja." Nikasema, "Mchungaji, nina pingamizi." Akauliza, "Dhidi ya nani?" Nikasema, "Dhidi yangu."

Mchungaji akafunga kitabu cha matangazo. Sikusema kingine mbele za watu. Jina lako halikutajwa kanisani, wala la Elius.

Baada ya ibada tukaingia ofisini kwa mchungaji, mimi, Silvanus, Mama Obed na mzee mmoja wa kanisa. Niliweka karatasi mezani na nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, utando, mafuta, mbao za paa. Nilisema tarehe ya karatasi. Nilisema kwamba tangu siku hiyo nilijua huna kosa na nilinyamaza ili nichukuliwe. Nilisema kwamba wewe ulikiri jambo ambalo halikutokea, ili mimi nichukuliwe, na kwamba kati yetu wawili uongo wako ulikuwa wa kunipa mimi na wangu ulikuwa wa kukunyang'anya wewe.

Silvanus alisema, "Mama, haya mambo ya kitaalamu..." Mama Obed akamwambia, "Nyamaza, wewe ulijua." Akanigeukia. "Ile nusu ya Obed, aliitoa wapi?" Nikasema, "Kwako, mama, au kwa marehemu baba." Mzee wa kanisa akamsukumia glasi ya maji, hakuigusa. Kisha akasema, na hakusema na mimi, alikuwa anasema na meza, "Siku ile ya kukiri nilimwambia aniangalie usoni akisema. Hakuniangalia. Nikajua anaona aibu."

Halafu akauliza mtoto anayekuja atakuwaje. Nikamwambia hatujui, moja kati ya nne. Akasema, "Na mimi nimekuwa nikihesabu miezi." Akafunga kitenge upya kiunoni, akatoka nje, akakataa kushikwa mkono. Amelala kwa ndugu yake hapa mjini. Leo asubuhi alituma mtu kwangu kuchukua nakala ya karatasi, na amesema wazee wale wawili atawaita yeye, sebuleni pale pale. Sijui atakuambia nini. Si mwepesi wa maneno mazuri, usitegemee mengi, lakini mtazame.

Utasema nimefanya haya ili nijisikie msafi. Nimejiuliza hivyo usiku kucha. Utasema nimeimwaga harusi uliyoilipia. Ndiyo, nimeimwaga. Sikuweza kuingia nyumba hiyo kwa mlango ulioufungua ukiwa umepiga magoti.

Daktari wa utafiti nimemwona Alhamisi. Nilimwambia sikufikisha majibu. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali. Ameniondoa kwenye utafiti. Atakuja mwenyewe Kitandililo tarehe 22, azungumze nawe na Obed, na mkitaka, mtoto akizaliwa atapimwa. Hilo mtaamua ninyi. Sitakuwepo kama hutaki niwepo.

Silvanus alinisubiri nje ya ofisi. Alisema tungoje apime, kama hana basi tuendelee, wala haihitaji kelele zote hizi. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumwelewesha kwamba sikusimama kwa sababu ya damu yake. Nilimrudishia pete. Kisha nikarudi ndani. Mchungaji alikuwa bado ana kitabu cha matangazo mezani, akaniambia nifikirie, nirudi wiki ijayo, watu huwa wanarudi. Nikamwomba kalamu. Kuna mstari kwa ajili ya jina la mwenye pingamizi na mwingine kwa ajili ya sababu. Kwenye wa kwanza nimeandika jina langu kamili, kwenye wa pili nimeandika, "Nilimwacha dada yangu abebe lawama isiyo yake", nikatia sahihi na tarehe.

Lidia